Nguva wa Kithai Haimbi: Mkia, Zumari na Mama Asiye na Jina

Ukitaja nguva, wengi wetu hujiwa na picha ileile: msichana mwenye nywele ndefu amekaa juu ya mwamba, anaimba, na mabaharia wanasahau usukani hadi chombo kinapasuka. Picha hiyo ni ya Ulaya. Imesambazwa na vitabu vya watoto na katuni, na sasa kila nguva wa dunia anapimwa kwayo. Ukiingia nayo katika fasihi ya Thailand utapotea mapema. Katika utenzi unaopendwa kuliko zote za nchi hiyo, Phra Aphai Mani, anayewalaza watu kwa muziki ni mwanamume, mwana wa mfalme mwenye zumari. Nguva ni msikilizaji tu, na gharama ya mapenzi yao anailipa yeye.

Nimeona niandike juu ya nguva huyu kwa sababu anachanganywa mno na wenzake. Binti samaki wa Ramakien, nguva wa mshairi Sunthorn Phu na sanamu ya rangi ya dhahabu ya ufukwe wa Songkhla hutiwa kapu moja, kana kwamba ni mtu mmoja aliyebadili nguo. Ni watu watatu. Nyuma yao yupo wa nne, mkongwe kuliko wote, ambaye hata uzuri wa sura hakuwa nao.

Tuanze na huyo mkongwe, maana amejificha ndani ya neno lenyewe. Kithai humwita nguva ngueak. Leo mtoto wa Bangkok akilisikia neno hilo ataona kichwani kiumbe chenye kiwiliwili cha mtu na mkia wa samaki. Lakini katika maandishi ya kale ngueak aliweza kuwa nyoka, na kwa jirani zao Walao ngueak bado ni kitu cha mtoni cha kutisha, jamii ya joka, kinachomvuta mtu chini asionekane tena. Katika Lilit Phra Lo, shairi la enzi za Ayutthaya, ufalme wa kale wa Wathai, kuna safari ya kumwendea mganga mkuu wa msituni. Njiani pamejaa hatari, na majini wamo ngueak wanaokamata watu na kuwazamisha. Humo hamna kitana wala nywele za kusukwa. Ni meno na maji meusi.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona jambo. Sisi tuna neno moja, nguva, kwa mnyama yule mpole anayekula nyasi za baharini na kunyonyesha mwanawe, na neno hilohilo tumempa nusu mtu wa hadithi. Wathai wamewatenga. Mnyama anaitwa phayun, na maarufu ni wale wa pwani ya mkoa wa Trang. Wa hadithi ndiye ngueak. Maelezo yanayorudiwa kila mahali, kwamba hadithi za nguva zilizaliwa pale mabaharia waliochoka walipomwona mnyama huyu kwa mbali wakamdhania mwanamke, kwa Kithai hayashiki vizuri. Ngueak hakutoka kwenye nyasi za bahari. Alitoka mtoni, akiwa joka, na ilichukua karne nyingi mpaka akapata uso wa binadamu.

Uso huo, kwa sehemu, aliuazima kwa mwanamke mwingine ambaye kwa kweli haitwi ngueak hata kidogo. Ni Suphanna Matcha, yaani samaki wa dhahabu, jina lililoundwa kwa maneno ya Kipali na Kisanskriti. Anaishi katika Ramakien, masimulizi ya Kithai ya kisa cha Rama, shujaa wa hadithi za Kihindi, ambayo toleo lake kubwa liliandikwa chini ya Mfalme Rama wa Kwanza mwaka 1797, miaka 30 tu baada ya mji wa Ayutthaya kuteketezwa na vitabu vingi kupotea nao. Ukimtafuta binti huyu katika Ramayana ya Kihindi iliyotungwa na Valmiki hutamwona. Ni mtoto wa Asia ya Kusini-Mashariki. Wakhmeri wanaye pia.

Kisa chake ni hiki. Jeshi la nyani la Phra Ram, ndiye Rama kwa Kithai, linajenga njia ya mawe kuvuka bahari hadi Lanka, kisiwa cha adui yake. Mawe yanatupwa, asubuhi hayapo. Hanuman, nyani mweupe shujaa wa jeshi hilo, anapiga mbizi na kukuta samaki wengi wakibeba mawe midomoni na kuyapeleka mbali, na mbele yao anaogelea mwanamke mwenye mkia wa dhahabu. Ni binti wa Thotsakan, mfalme wa mazimwi, aliyezaa na samaki. Baba yake amemtuma aharibu kazi. Hanuman anamfukuza, anamkamata, na kukamata kunageuka kubembeleza. Wanalala pamoja. Kisha Suphanna Matcha anawaamuru samaki wake wayarudishe mawe yote.

Kipande hicho huchezwa jukwaani hadi leo, na ni mojawapo ya ngoma zinazopendwa sana. Mchezaji wa kike huvaa taji na kufungiwa mkia nyuma ya kiuno, huku miguu yake ikiwa huru kucheza. Nyani mweupe anamzunguka kwa hatua za kukunja magoti, mwanamke anageuza uso, vidole vimepinda kwenda nyuma kama petali. Hakuna anayeguswa kwa nguvu. Kufukuzana kote kumo mikononi na shingoni. Picha ya binti huyu hutundikwa pia madukani na majumbani iwe kago ya kuvutia heri. Mwanamke aliyekuwa akiiba mawe amekuwa mwita wateja.

Lakini kwangu uzito uko mbele kidogo. Suphanna Matcha ana mimba, na anaogopa baba yake asijue. Basi anamtapika mtoto ufukweni na kumwacha. Mtoto huyo ni Macchanu, nyani mweupe mwenye mkia wa samaki. Anaokotwa na Maiyarap, mfalme wa kuzimu, akalelewa naye. Siku Maiyarap anapomteka Phra Ram, Hanuman anashuka kumkomboa na kwenye ziwa la mayungiyungi anakutana na kijana asiyeshindika. Wanapigana mpaka wote wanachoka. Anamuuliza, wewe mwana wa nani? Wa Hanuman na Suphanna Matcha. Uthibitisho? Mama aliniambia baba yangu akipiga miayo hutoka mwezi na nyota. Hanuman anaruka angani, anapiga miayo, na nyota zinamwagika kinywani mwake. Baba na mwana wanatambuana. Kisha baba anamwomba amwonyeshe njia ya kumfikia Maiyarap, na kijana anabanwa pande mbili: huyu alinizaa, yule alinilea. Hasemi njia. Anatoa fumbo tu kuhusu yungiyungi, Hanuman analielewa, anavunja bua la ua na kuteremka ndani yake.

Na mama? Ameshatoka katika hadithi. Kazi yake ilikuwa kurudisha mawe na kuzaa. Mwishoni Macchanu anapewa mji wa kutawala, na Phra Ram anaukata mkia wake wa samaki. Ushike mkia huo, tutaurudia.

Sasa twende kwa yule ambaye Wathai wengi humwona wanaposema nguva. Yumo katika Phra Aphai Mani, utenzi wa mistari inayokaribia 50,000 wa Sunthorn Phu, aliyezaliwa Bangkok tarehe 26 Juni 1786 na kufa 1855. Inasimuliwa kwamba alianza kuutunga akiwa kifungoni, na aliuendeleza kwa vipande kwa miaka mingi, huku akipanda na kushuka: mshairi wa ikulu, kisha mtawa wa kuhamahama, kisha tena mtu wa heshima. Washairi wa zama zake walipenda majumba ya wafalme. Yeye aliipeleka hadithi baharini, kwenye meli, visiwa, maharamia na Wazungu.

Shujaa wake, Phra Aphai mwenyewe, ni mwana wa mfalme aliyetumwa kutafuta elimu ya utawala, akarudi na elimu ya kupiga pi. Wengi huifasiri pi kama filimbi, lakini msomaji wa pwani ana neno la karibu zaidi: zumari, yenye ulimi wa jani linalotetemeka mdomoni. Baba anakasirika na kumfukuza. Ufukweni anawapigia wenzake hadi wanasinzia, na sauti ile inamfikia Phi Suea Samut, zimwi jike la baharini, ambaye anampenda papo hapo, anambeba mpaka pangoni, anajigeuza mwanamke mzuri na kuishi naye kama mkewe. (Phi suea, kwa Kithai cha leo, ni kipepeo. Jina la zimwi limebeba maana kongwe zaidi ya neno hilo, ile ya pepo mlinzi wa mahali.) Wanazaa mtoto wa kiume, Sin Samut, mwenye nguvu za mama yake.

Nguva anaingia kupitia mtoto huyo. Ana miaka minane. Mama yuko mawindoni. Mtoto anausukuma mwamba uliofunga pango, anatoka, anaona bahari kwa mara ya kwanza na kuchezea mawimbi, kisha anaona kiumbe cha ajabu: juu mtu, chini samaki. Anamkamata mkia na kumburuta mpaka kwa baba yake amuulize hiki ni nini. Aliyekamatwa ni mzee, dume, anajua lugha ya watu, na anaomba asiuawe. Naipenda sana hatua hiyo ya Sunthorn Phu. Nguva wa kwanza kumwona katika utenzi huu si mrembo. Ni babu wa watu anayetetemeka mchangani, mwenye mke na binti wanaomsubiri nyumbani.

Mzee anaahidi kuwavusha. Phra Aphai anamhadaa zimwi, kwa kisingizio cha ndoto mbaya aliyoiota zimwi mwenyewe, aende mlimani kufunga siku tatu. Kisha wanakimbia, binadamu wakiwa migongoni mwa familia ya nguva, wakielekea Ko Kaeo Phitsadan, kisiwa cha mtawa mzee ambako zimwi hathubutu kukanyaga. Lakini zimwi anagundua na kuwafuata akipasua mawimbi. Mzee na mkewe wanabaki nyuma. Wanakamatwa, wanaulizwa, wanamdanganya wapate kumchelewesha, na wanauawa. Binti anafika kisiwani akiwa na Phra Aphai mgongoni, naye ni yatima.

Sehemu hii ya kutoroka ndiyo wanayosoma wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari nchini Thailand, kwa hiyo kabla kijana hajamjua nguva mpenzi, anawajua nguva wazazi waliokufa kwa ajili ya mgeni. Sidhani kuna nchi nyingi ambako nguva hufundishwa darasani kwa mlango huo.

Kisiwani Phra Aphai anavaa nguo za utawa, na usiku anateremka ufukweni kwa binti. Sunthorn Phu anasimulia kukutana kwao kwa desturi ya washairi wa Kithai, ambao hawalitaji tendo la mapenzi kwa jina: huleta radi, upepo na bahari iliyochafuka, msomaji akamaliza mwenyewe. Kisha inafika meli ya mfalme wa Phaluek, ndani yake yumo binti mfalme Suwanmali. Phra Aphai anaondoka nayo. Kwa nguva mwenye mimba anaacha pete na pini ya nywele, ziwe za mtoto.

Mtoto anazaliwa, Sutsakhon, mtu kamili bila mkia. Mama hawezi kuishi nchi kavu, mtoto hawezi kuishi majini. Nguva anamnyonyesha, anamkabidhi kwa mtawa na kurudi baharini. Sutsakhon anakua haraka ajabu, anamfuga farasi mwenye umbo la joka, na akiwa na miaka mitatu anaaga kwenda kumtafuta baba. Wathai wanamjua kijana huyu kuliko wanavyomjua baba yake, na mwaka 1979 filamu ndefu ya kwanza ya katuni nchini humo ilikuwa juu yake.

Katika yote haya, mama hana jina. Ni nang ngueak tu, bibi nguva. Zimwi ana jina, binti mfalme ana jina, hata farasi ana jina. Nimejiuliza kwa nini, na jibu langu, ambalo ni la msomaji tu, linarudi kwa mshairi mwenyewe. Wazazi wa Sunthorn Phu waliachana akiwa mchanga. Baba akarudi kwao Klaeng, mkoani Rayong, akawa mtawa. Mama akabaki katika jumba la kifalme kunyonyesha watoto wa wakubwa. Kijana alikua akijua mama yupo wapi na baba yuko mbali upande wa bahari, na utu uzimani alifunga safari mpaka Rayong kumwona. Mtu wa maisha hayo akiandika juu ya mama anayenyonyesha kwenye ukingo wa maji na mtoto anayeondoka kumtafuta baba aliyevaa utawa, sioni kama anabuni kila kitu.

Kuna jambo la ufundi pia, maana bila hilo nguva huyu angebaki ikulu. Utenzi umetungwa kwa klon, aina ya ushairi wa Kithai. Kila kipande kina mizani 8, saba au tisa zikiruhusiwa, na vipande vinne hufanya ubeti. Mzoefu wa tenzi zetu atatabasamu, maana hesabu ni ileile ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake. Tofauti ni vina. Kwetu vipande vitatu hufungana na cha nne hubeba kina cha bahari. Kwao mwisho wa kipande cha kwanza hujibiwa katikati ya cha pili, mwisho wa pili hujibiwa na mwisho wa tatu, mwisho wa tatu katikati ya cha nne, na mwisho wa nne hudaka kipande cha pili cha ubeti unaofuata. Beti zinashikana mikono, hakuna unaosimama peke yake. Sunthorn Phu akaongeza vina vingine ndani ya kila kipande, na shairi likawa jepesi kukaa kichwani. Watu wasiojua kusoma walilishika kwa kusikia. Mwaka 1870 Samuel Smith, mmisionari mchapishaji wa Bangkok, alilitoa kwa vitabu vidogovidogo na vikauzika sana.

Turudi kwenye mkia. Karibu na mwisho wa utenzi, baada ya vita na ndoa nyingi, Sutsakhon ameshakuwa mtawala na nguva yuko palepale majini. Hapo anashuka mungu Indra na kuukata mkia wake. Anapata miguu, anakwenda kuishi na mwanawe, na sasa, kwa mara ya kwanza, anapewa jina na cheo cha mama wa mfalme: Chanthawadi.

Ukiweka kisa hiki kando ya Macchanu, utaona kanuni. Mkia ni mpaka kati ya aliyemo ndani ya mji na aliye nje, na aliye nje hauvuki kwa nguvu zake. Mwenye mamlaka, mungu au mfalme, ndiye anayekata. Mwaka 1837, Sunthorn Phu akiwa hai, Hans Christian Andersen wa Denmark alichapisha kisa chake cha nguva mdogo anayeuza sauti yake apate miguu. Hawakujuana, lakini wote wawili waliandika juu ya nguva, miguu na mwana wa mfalme. Nguva wa Andersen anaukana mkia akiwa binti, kwa hiari, ili apendwe, na hapendwi. Wa Sunthorn Phu alipendwa na mkia wake, akaachwa na mkia wake, na miguu ikamjia uzeeni kwa ajili ya mwanawe. Nikilazimika kuchagua ni yupi aliyeandikwa na mtu aliyewatazama wanawake kwa karibu, namchagua huyu wa pili.

Nguva wa Songkhla ni mgeni katika ukoo huu. Sanamu hiyo ya shaba kwenye ufukwe wa Samila ilichongwa na Jitr Buabus mwaka 1966, na kisa kinachosimuliwa hapo ni cha nguva aliyekuwa akichana nywele, akashtushwa na mvuvi, akatumbukia baharini na kuacha kitana cha dhahabu. Mvuvi akabaki kumngoja. Ni kisa kizuri, na watu wa Songkhla wanaipenda sanamu yao kwa dhati. Ilipoharibiwa na bomu tarehe 26 Desemba 2018 walisikitika kama aliyejeruhiwa ni ndugu. Ila mwamba ule na upweke ule vinaelekea Copenhagen, ambako nguva wa shaba alikwishakaa tangu 1913, zaidi ya vinavyoelekea Phra Aphai Mani.

Anayetaka kumwona wa Sunthorn Phu aende Rayong. Katika kijiji cha Kram, wilaya ya Klaeng, kwao baba wa mshairi, wahusika wamesimamishwa kando ya mnara wa kumbukumbu yake, na kila tarehe 26 Juni wanafunzi kote nchini huvaa mavazi yao na kukariri beti. Kutoka hapo si mbali na kisiwa cha Ko Samet, ambacho wenyeji wanasema ndicho Ko Kaeo Phitsadan. Juu ya mawe, mwishoni mwa ufukwe wa mchanga mweupe, Phra Aphai amekaa na zumari mdomoni. Nguva yuko karibu naye, na watalii hupanga foleni kupiga picha. Ni yule binti wa usiku wa kwanza, kabla ya meli, kabla ya mtoto. Mkia bado anao, na jina bado hajapewa.